Kapteni Chediel na Mlango wa Mjomba Wake

Kapteni Chediel Mkumbo ana kipande cha chuma kwenye paja la kushoto, na kila mtu katika kiwanja chetu cha ndege anajua. Mama lishe anajua. Wachunga mbuzi wanaokatiza njia ya ndege wanajua. Mimi najua, na kazi yangu ni mizani tu. Napima abiria na mizigo yao kabla hawajapanda, kwa sababu ndege yetu ni ndogo, ya watu kumi na wawili, na uzito wa kubahatisha haiuwezi. Lakini anayekijua chuma kile kuliko sisi wote ni Raymond Kitundu, mkaguzi wa usalama. Siku Chediel alipovunjika mguu, ni Raymond aliyemtoa shimoni.

Nianzie hapo, maana bila hapo mengine hayaeleweki.

Chediel alizaliwa upande wa Sekenke, chini ya mlima, ambako mashimo ya zamani ya dhahabu yamebaki wazi vichakani na watu bado wanachimba mapya pembeni yake. Baba yake alikuwa na duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na Chediel alipofika miaka kumi na saba alishakuwa anashuka humo kwa kamba kila siku baada ya kutoka shule. Siku moja kamba ikakatika akiwa katikati. Raymond ni mdogo wake mama yake Chediel, na wakati huo alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na moja mwenye mabega mapana. Alifungwa kamba nyingine kiunoni, akashuka, akampandisha mpwa wake mgongoni. Wakamfunga mguu na mipini miwili ya jembe. Raymond akampakia kwenye kerea ya baiskeli, akaisukuma mpaka barabara kubwa, wakapata lori la alizeti lililowafikisha hospitali ya misheni.

Daktari alimwekea chuma chenye skrubu sita. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji alimwonyesha Raymond kile chuma kwenye sinia, kama fundi anavyomwonyesha mteja spea mpya. Raymond alilala sakafuni kando ya kitanda cha mgonjwa wiki tatu nzima. Dirisha la wodi lilikuwa linatazama kiwanja kidogo cha nyasi, na kila Alhamisi ilikuja ndege ya madaktari wa macho. Chediel alikaa humo miezi minne. Mtu akikaa miezi minne bila kitu cha kutazama isipokuwa ndege ya Alhamisi, anatoka na mawazo yake. Alipopona alikwenda Dodoma kutafuta kazi hangani, kwenye banda la kutengenezea ndege. Kutoka kushika ufagio mpaka kushika usukani ilimchukua miaka kumi na moja.

Sasa yeye ni mtu wa miaka arobaini na minne, mpole, ana mvi mbili tatu juu ya masikio, na anachechemea kidogo akichoka. Kampuni yake ilipoanza safari za Jumatatu na Ijumaa kupitia kiwanja chetu, aliomba apangiwe njia hiyo ili awe anaona nyumbani. Wakati huohuo kiwanja kilikuwa kinatafuta mkaguzi. Raymond alikuwa mlinzi wa ghala la alizeti, na sifa yake ilijulikana mpaka Kiomboi: katika miaka tisa hakuna gunia lililotoka ghalani bila karatasi, hata la mwenye ghala mwenyewe. Wakamchukua.

Kifaa chake kikubwa ni mlango wa ukaguzi, ule unaopiga kelele ukipita na chuma. Umesimamishwa barazani, mbele ya chumba cha abiria, na kulia kwake hakuna kitu, na kushoto kwake hakuna kitu. Uzio wa seng'enge ulifika nusu, ukaishia hapo. Raymond alifunga kamba ya katani kila upande ili watu wasizunguke. Watu hawazunguki. Mbuzi wanapita chini ya kamba. Siku moja mbuzi mwenye kengele shingoni alipita mlangoni kabisa, mlango ukalia, Raymond akamrudisha. Nimeona kwa macho yangu alivyoandika kwenye daftari: "Mbuzi mmoja, kengele, amerudishwa."

Miezi ya mwanzo mambo yalikuwa matamu. Chediel akishuka kwenye ndege na kurudi kupitia mlangoni, mlango ulilia, Raymond akapunga mkono, wakakumbatiana, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha mwezi wa tatu likatokea jambo. Nitalisema baadaye, kwa sababu linanihusu. Nataka muone kwanza tulichokiona sisi, kwamba Jumatatu moja Raymond aliamka mtu mwingine.

"Shikamoo, mjomba," alisema Chediel asubuhi hiyo.

"Marahaba, kapteni. Vua mkanda."

Chediel akavua mkanda huku anacheka. Akapita. Mlango ukalia.

"Una kitu cha chuma?" aliuliza Raymond.

"Mjomba, si unajua."

"Nimeuliza kama una kitu cha chuma."

"Nina chuma mguuni."

"Kimeingiaje humo?"

Chediel akatugeukia, mimi na rubani msaidizi wake, kama mtu anayetafuta mashahidi. "Kimeingiaje? Wewe ndiye uliyenipeleka!"

"Kapteni," alisema Raymond, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "mimi najua. Mlango haujui."

Akampapasa kuanzia kwapani mpaka kwenye soksi, mbele ya abiria tisa.

Ijumaa Chediel akaja na barua ya hospitali. Raymond aliisoma mara mbili, akairudisha. Barua, alisema, inaeleza kwamba Chediel Mkumbo ana chuma mguuni, lakini haielezi kwamba mtu aliyeishika ndiye Chediel Mkumbo. Chediel akatoa kitambulisho. Kitambulisho, alisema Raymond, kinaeleza kwamba mtu huyu ni Chediel Mkumbo, lakini hakielezi kwamba ana chuma.

"Sasa unataka nini, mjomba?"

"Kitu kimoja kinachosema yote mawili."

Ikabidi Chediel arudi kwa daktari, apigwe picha ya mfupa na picha ya uso, zibanwe pamoja kwenye karatasi moja na kugongwa muhuri juu ya zote. Raymond aliinua ile picha ya mfupa juani, akaiangalia muda mrefu.

"Skrubu sita," alisema. "Nazikumbuka." Akaandika kwenye daftari, kisha akampapasa kama kawaida, kwa sababu barua inaeleza chuma kilichomo ndani tu, na yeye anatafuta kilichopo nje.

Wa pili kuonja joto alikuwa Janeth, rubani msaidizi, binti wa Ihanja, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuona njaa. Mama yake humtumia mlenda kwenye hotpoti. Raymond alikuwa na orodha ya vitu visivyoruhusiwa, na katika orodha kulikuwa na vimiminika vinavyozidi mililita mia moja.

"Hiki ni nini?"

"Shikamoo, baba. Ni mlenda."

"Marahaba. Ni kimiminika?"

Janeth alifikiri. Ni swali zuri, ukiliangalia. "Si kimiminika," alisema. "Ni mboga."

Raymond akainamisha hotpoti juu ya sahani, taratibu. Mlenda ukatoka kidogo, ukaning'inia, ukarefuka karibu na sahani, kisha ukajivuta ukarudi ulikotoka. Raymond akainamisha tena. Ukafanya vilevile. Foleni ya abiria ilikuwa imesimama kimya, watu wazima kumi wanatazama mlenda.

"Kinachomiminika hakirudi," alisema Janeth.

"Na kigumu hakirefuki," alisema Raymond.

Mwisho aliamua kwamba ni kimiminika kikiwa cha moto na ni mboga kikiwa kimepoa, na kwamba Janeth asubiri kipoe. Ndege ikachelewa dakika ishirini na tano. Kwenye fomu ya kampuni, mahali pa sababu ya kuchelewa, Kapteni Chediel aliandika "hali ya joto", na hakusema uongo.

Lakini lililomuumiza Chediel hasa lilikuwa mkasi wa kucha. Ulikuwa mdogo kuliko kidole gumba. Raymond aliutoa kwenye begi lake, akaupima kwa rula, akautia kwenye mfuko wa plastiki.

"Una makali," alisema.

"Mjomba, nisikilize," alisema Chediel. Alikuwa bado na subira siku hiyo. "Nikishaingia mle ndani, ndege nzima iko mikononi mwangu. Watu kumi na wawili, mafuta, injini, kila kitu. Kama ningetaka kuwadhuru, ningehitaji mkasi wa kucha?"

Raymond alifikiri kwa uaminifu. "Hilo nalo linanitia wasiwasi, kapteni," alisema. "Lakini kwenye orodha yangu wewe haumo. Mkasi umo."

Miezi ikaenda hivyo. Chediel alianza kuvaa suruali ya mpira kiunoni ili asivue mkanda. Alianza kula kucha. Alianza kuja mlangoni robo saa mapema, halafu nusu saa. Kule nyumbani, siku za sikukuu, wanakula sahani moja na mjomba wake na hakuna anayegusia kazi. Mke wa Raymond, Mama Elina, hamwiti kapteni, anamwita Chedi, na anamrundikia ugali. Kesho yake asubuhi mikono ileile iliyompa kipande cha nyama inampekua mifukoni. Janeth aliniambia kuwa wakishapaa, Chediel hukaa kimya mpaka waanze kushuka Mwanza.

Kisha Raymond akapelekwa semina ya wiki moja Dodoma. Alirudi na faili nene lenye jalada la bluu na kalamu mpya mfukoni. Jumatatu hiyo ndege ilikuwa na abiria saba. Mmoja wao alikuwa Mchungaji Yeremia wa Sepuka, mtu mnene mwenye suti ya kaki, anayekwenda Mwanza kwenye mkutano wa kanisa. Nilimpima, akaniomba nitoe kilo za viatu, nikakataa. Wote saba walikaguliwa, wakapanda, wakafunga mikanda. Ilikuwa saa tano, jua linachoma bati la ndege.

Hapo Raymond akaenda kwenye ndege yenyewe. Katika semina alikuwa amefundishwa kwamba mkaguzi makini anakagua pia ndani. Alipanda, akasalimia abiria, akatazama chini ya viti, akachungulia sehemu ya marubani. Aliposhuka alikuwa ameshika shoka.

Ndiyo. Nyuma ya kiti cha rubani huwa kuna shoka dogo lenye mpini mwekundu, limebanwa ukutani. Ni la dharura: mlango ukikwama, ukuta ukibonyea, rubani anakata njia ya kutokea. Lilikuwemo tangu ndege ilipotengenezwa. Miezi yote hiyo, wakati Raymond anapima mkasi wa kucha kwa rula, shoka lilikuwa limetulia pale likimsubiri Chediel.

Raymond alilibeba kwa mikono miwili kama anabeba mtoto mchanga. Uso wake ulikuwa umeingia kijivu. Akapita mlangoni kwa kusahau, mlango ukalia, akashtuka, akasimama.

"Kapteni," aliita. "Nani ameleta hili?"

Chediel alikuwa barazani anasaini karatasi za uzito kwangu. Aliangalia shoka, akamwangalia mjomba wake, na nikaona bega lake moja linashuka. "Hilo ni la ndege," alisema.

"Ni shoka."

"Ni shoka la ndege."

"Halijakaguliwa."

Akalifunga kitambulisho cha karatasi kwa uzi, akaandika tarehe, akalifungia kwenye kabati la vitu vilivyozuiwa pamoja na viberiti na visu vya abiria, akatia ufunguo mfukoni. Chediel akamweleza, neno kwa neno, kama unavyomweleza mtu namba ya simu, kwamba kwa sheria ndege haiwezi kuruka bila shoka hilo. Limo kwenye orodha ya vifaa. Yeye mwenyewe asubuhi ametia saini kwamba limo. Akiruka bila lenyewe anafutiwa leseni.

"Nimekuelewa," alisema Raymond. "Na mimi nikilipitisha nimepitisha shoka."

"Kwa hiyo?"

"Kanuni za ndege ni kazi yako. Kanuni za mlango ni kazi yangu."

Janeth akaenda kuwaambia abiria kwamba kuna shida kidogo ya kifaa. Mchungaji Yeremia akauliza kifaa gani, na Janeth, ambaye hajui kudanganya, akamwambia shoka. Habari ikazunguka viti vyote. Abiria mmoja akauliza kwa nini rubani anataka shoka. Mwingine akasema yeye hapandi ndege yenye shoka. Jirani yake akamjibu kwamba ameshapanda. Wakashuka wote, wakaja kusimama kwenye kivuli cha baraza, upande wa pili wa kamba ya katani, na kwa kuwa walishakaguliwa, Raymond aliwaambia wasisogee wala kugusana na ambao hawajakaguliwa. Mchungaji akaniomba maji. Nikampa chupa juu ya kamba. Raymond akaniambia nisiwe nampa abiria kimiminika.

"Mama lishe ana shoka la kuni," alisema Mchungaji baada ya muda. Alikuwa mtu wa kutafuta suluhu. "Orodha inasema shoka moja, haisemi la nani. Tuazime."

"Shoka la mama lishe nalo ni shoka," alisema Raymond.

"Basi tuombe."

Tukainamisha vichwa. Raymond hakufumba macho, alikuwa anaangalia begi la mtu.

Raymond alipiga simu kwa bosi wake, haikupatikana. Alipiga tena, haikupatikana. Ilipofika saa sita na nusu Chediel alimfuata pale alipokaa, akasimama mbele yake. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo.

"Unanidhalilisha," alisema. "Kila wiki, mbele ya watu. Umenivua mkanda, umenivua viatu, umeninyang'anya mkasi wa kucha kama mimi ni jambazi. Abiria wananiona, wananong'ona. Mtu gani anapapaswa na mjomba wake? Kama ndivyo, siku ile ungeniacha tu mle shimoni. Ungeniacha!"

Hata mama lishe aliacha kukoroga. Raymond aliinama, akakunja mkono wa shati lake mara moja, akaukunjua.

"Siku ile hakukuwa na kanuni," alisema.

Akainuka, akaingia ndani, akafungua lile faili la bluu ukurasa wa kwanza.

Alisoma dakika arobaini, kidole kikifuata mstari. Sisi tulikaa. Chediel alikwenda kusimama peke yake chini ya bawa la ndege, uzito wake wote kwenye mguu wa kulia. Saa saba na dakika kumi Raymond akatoka, kidole kimebana ukurasa.

"Ipo," alisema. "Kifaa cha kazi chenye makali kinaweza kuingia eneo la ndege kikisindikizwa na mkaguzi, na huyo mkaguzi awe amekaguliwa."

"Ukaguliwe na nani?" aliuliza Janeth. "Mkaguzi ni wewe tu."

"Na mkaguzi mwingine, au rubani mkuu wa ndege inayohusika." Akamtazama Chediel. "Njoo unikague."

Sidhani kama Chediel alielewa mara moja. Alikuja akichechemea. Raymond akafungua kabati, akatoa shoka, akalilaza mezani pamoja na ufunguo. Akampa kimashine cha mkononi anachotumia kutafuta chuma mwilini mwa watu. Kisha akatoka nje, akazunguka, akaja mlangoni kama abiria yeyote, akasimama kwenye alama ya njano.

"Anza," alisema. "Usiruke kitu."

Chediel alikuwa bado amejaa hasira, na sasa alikuwa amepewa mahali pa kuimwaga.

"Vua mkanda," alisema.

Raymond alivua. Suruali yake ilikuwa ya zamani, ya enzi za mabega mapana, ikabidi aishike kwa mkono mmoja.

"Viatu."

Akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba nje.

"Pita."

Akapita. Mlango haukulia. Wote tuliuangalia, kana kwamba ungeweza kubadili mawazo.

"Mikono juu."

"Nikiinua yote miwili suruali itaanguka."

"Inua mmoja."

Chediel akampapasa. Alianzia kwapani, kama alivyofanyiwa yeye. Mfuko wa suruali: kitambaa, karanga tatu. Mfuko wa shati: kalamu mpya, na nyuma ya kalamu bahasha iliyokunjwa mara nne, imelegea kama kitambaa kwa kubebwa.

"Hii nini?"

"Karatasi tu."

"Mifuko yote ifunguliwe. Si ndivyo?"

Raymond alipandisha suruali. "Ndivyo."

Chediel akaifungua akaanza kusoma kwa sauti, kwa ile sauti ya kulipiza. Alisoma, "Ndugu Raymond Kitundu, unapewa onyo la mwisho kwa kumruhusu rubani ambaye ni mtoto wa dada yako kupita..." Hapo sauti ikakatika. Alimalizia kimya. Niliyajua maneno yaliyofuata baadaye: kosa likirudiwa mkaguzi ataondolewa kazini, na rubani husika atapigwa marufuku kukitumia kiwanja hiki.

Barua ilikuwa ya mwezi wa tatu.

"Unatembea nayo tangu wakati ule?" aliuliza Chediel.

"Nikiiacha nyumbani Mama Elina ataiona. Atasema nikubembeleze, na wewe utanionea huruma utaomba njia nyingine. Mama yako anafurahi ukipita hapa."

"Kwa nini hukuniambia, mjomba?"

"Ningekuambia, ungekuwa unakaguliwa kwa kuigiza. Wanatuma watu kuangalia, kapteni. Wanakaa hapo kama abiria. Mtu anayeigiza anaonekana."

Chediel aliikunja barua mara nne, kwenye mikunjo ileile, akairudisha nyuma ya kalamu. Nilidhani ataishia hapo. Hakuishia. Alipiga goti la mguu mzima chini, ule wenye chuma akaunyoosha pembeni, akampapasa mjomba wake miguu yote miwili, taratibu, mpaka vifundoni. Akapitisha kimashine mgongoni. Akamfunga mkanda yeye mwenyewe, kwa sababu mkono mmoja wa mzee ulikuwa bado umeshika suruali.

"Uko sawa," alisema. "Pita, mjomba."

Raymond akalichukua shoka. Wakaongozana kutoka barazani hadi kwenye ndege, mkaguzi mbele na shoka kifuani, rubani nyuma, Janeth, abiria saba kwa mstari. Shoka likabanwa mahali pake. Raymond akataka saini tatu. Akapewa. Ndege iliruka saa nane kasoro dakika tano, na Mchungaji Yeremia, nilisikia, alifika Mwanza wakati mkutano unafungwa, wakampa nafasi ya kuomba sala ya mwisho.

Kwenye fomu ya kampuni Kapteni Chediel aliandika maelezo ya ukurasa mzima, na Raymond naye akaandika yake, na wote wawili wakayatuma makao makuu. Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Lilisema shoka ni sehemu ya ndege, kama bawa, na halitakiwi kuondolewa. Lilisema mlenda uachwe kwa busara ya mkaguzi. Kuhusu mguu, lilisema barua ya daktari iwe inatolewa upya kila miezi sita, kwa kuwa hali ya chuma inaweza kubadilika. Chediel aliisoma hiyo sehemu mara mbili, akacheka mpaka akakaa chini. Barua yake ya tatu ameileta juzi.

Bado anakaguliwa kila Jumatatu na Ijumaa. Tofauti ni kwamba sasa anainua mikono kabla hajaambiwa, na wanaulizana habari za nyumbani wakati mkono wa mjomba unashuka kwenye mbavu. Abiria wageni wanashangaa. Juzi Raymond alikuwa amefika kwenye goti akasema, "Dada yangu anasema hujamtumia dawa," na Chediel, mikono hewani, akajibu, "Zimo kwenye begi, si umeziona?"

Nilisema kuna jambo linanihusu. Mwezi ule wa tatu alikuja mama mmoja wa mjini, nikampima, tukazungumza. Aliniuliza mbona rubani mlango unamlilia na hakaguliwi. Nikamwambia kwa kucheka kabisa, "Huyo? Huyo mtoto wa dada yake mkaguzi." Nilifikiri ninampa hadithi nzuri. Hakuwa abiria.

Nilikaa na neno hilo tangu siku ya shoka hadi mwezi uliofuata. Jumatatu moja nikafika mapema, nikasimama mlangoni, kwa sababu hata sisi wafanyakazi tunapita, na nikamwambia Raymond yote bila kupumua.

"Nilijua ni wewe, Lucy," alisema. "Kwenye ile barua wameandika, kwa mujibu wa mfanyakazi wa mizani. Na mizani hapa ni moja."

"Mbona hukunisema, baba?"

"Ulisema uongo?"

"Hapana."

"Basi." Akaangalia masikio yangu. "Vua hereni, upite. Kuna watu nyuma yako."